Beringi ya oltaneta (ile ya kuchaji betri) imekufa, fundi kanishushia injini nzima!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Nina Corolla 110, injini 5A. Mwezi uliopita ikaanza kulia asubuhi nikiiwasha, mlio wa kukwaruza kama mtu anasaga mchanga juu ya bati. Nikaipeleka gereji. Fundi akasikiliza, hata dakika mbili hazikufika: "Bosi, hizo ni beringi za konrodi. Ukiendelea kuiendesha itatoboa bloku." Konrodi ni ile mikono inayounganisha pistoni na shafti kuu inayozunguka chini ya injini, na bloku ndiyo mwili wa injini. Nani haogopi hapo? Nikakubali.

Injini ikashushwa, siku nne iko chini. Beringi, ringi za pistoni, seti ya gasketi, oili mpya na ufundi, jumla laki saba na themanini. Siku ya kuwasha nimesimama palepale, mlio ni uleule! Eti vyuma ni vipya, vitazoeana. Nimesubiri vizoeane wiki mbili.

Juzi jirani akanipeleka kwa mzee mmoja anayetengenezea magari chini ya mwembe. Hakugusa spana. Kaniuliza: inalia ikiwa ya baridi au ya moto? Ukikanyaga mafuta, mlio unakwenda mbio pamoja na injini? Ukiwasha taa unabadilika? Kule gereji hakuna aliyeniuliza hata moja kati ya hayo! Tukawasha taa kubwa na feni, mlio ukazidi. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye mwili wa oltaneta, mpini akauweka sikioni. Akanipa na mimi. Wakuu, ilikuwa kama kuna kokoto zinazunguka ndani ya sikio langu. Akahamisha ncha kwenye pampu ya maji, kimya. Juu kwenye kava ya valvu, tiki-tiki ya kawaida tu.

Kisha akazima, akalegeza na kutoa mkanda wa oltaneta, akawasha kwa sekunde chache tu, maana mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji. Injini ikanguruma safi kabisa. Beringi ya oltaneta! Elfu thelathini na tano, pamoja na ufundi wake.

Konrodi ina dalili zake jamani. Inagonga kwa sauti nzito kutoka chini, na inazidi injini ikibeba mzigo. Kwa 5A yenye waya za plagi, unazima, unachomoa waya wa silinda moja, unawasha na kusikiliza. Ukifika kwenye silinda mbovu, kugonga kunapungua. Kuna geji ya presha ya oili pia, unafungua swichi ya oili kwenye bloku, unafunga geji hapo. Yule fundi wa gereji hata kijiti cha oili hakuchomoa! Yote hayo yangemchukua saa moja, na ningemlipa hiyo saa kwa moyo mweupe.

Nimerudi kudai. Nikaomba beringi za zamani nizione kama kweli zimelika, naambiwa zimeshauzwa chuma chakavu. Pesa, "spea zako si ziko ndani ya gari?"

Na sasa pale injini inapoungana na gia boksi kunavuja oili. Kabla hawajaifungua palikuwa pakavu. Leo asubuhi nimeweka kadibodi chini, nimekuta doa la ukubwa wa kisosi. Aliyewahi kudai gereji akarudishiwa pesa yake, aniambie alianzia wapi.