Mikono inatetemeka nikianza taksimu, nifanyeje?

Udi_wa_Wete
Asalaam aleikum wanajamvi. Mwaka wa 4 huu napiga udi, ile ala ya nyuzi ya taarab, si kwa riziki. Mchana nauza vifaa vya umeme Darajani. Nyumbani vidole vinakwenda vyenyewe. Mwezi uliopita, harusini, nikapewa taksimu, yaani kupiga peke yangu kwa kubuni papo hapo, katika makamu (mpangilio wa sauti) ya Rasti. Ile kuanza tu, risha, kile kijiti cha kupigia nyuzi, ikaloa jasho, ikaniponyoka, ikaingia chini ya mkeka. Mpiga fidla akadakia, hakuna aliyenisema, lakini usiku ule sikulala. Tarehe 14 tuna harusi nyengine. Nimwambie kiongozi ampe mwengine? Na hivi vidonge vya kutuliza moyo, vipi?

Mzee_Kanuni
Waaleikum salaam mwanangu. Usimwambie. Mie kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, nimeipiga miaka 31 na hadi leo mikono hupoa kabla sijakaa. Moyo ukishtuka adrenalini inamwagika, damu inakimbilia misuli mikubwa, vidole vinabaki baridi. Hakuzuiliki, kunazoeleka.

Tatizo nyumbani unapiga umevua shati, uko kitandani, peke yako. Vaa kanzu, kaa kitini, nenda barazani baada ya alasiri uwapigie wale wa bao na kahawa. Watakohoa, watabishana, vespa itapita; wewe endelea. Siku yenyewe bashrafu, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, ikupashe moto, maana pale mnapiga nyote. Taksimu anzia nyuzi nene, taratibu, nyamaza kidogo, ndipo upande juu. Vifungu 3 vya mwanzo vihifadhi mpaka uweze kuvipiga huku unazungumza. Na risha ya pili iwe mfukoni.

Sauti_ya_Ngambo
Kaka angu, vidonge usiguse bila daktari. Mapigo ya moyo vinapunguza kweli, ila mwenye pumu vinaweza kumbana pumzi. Mimi ninayo, nikakatazwa. Kabla ya kuimba natoa pumzi polepole, ndefu kuliko niliyovuta, mara 5, na siku hiyo kahawa sinywi. Tena watazame wanawake wanapokuja kututunza pesa: macho yao yapo kwenye noti na nguo za wenzao. Vidole vyako nani anavihesabu?

Udi_wa_Wete
Ahsanteni sana. Siku 3 sasa nakaa barazani na kanzu yangu. Jana mikono ilitetemeka hadi kifungu cha pili, kisha ikatulia. Mzee mmoja alikuwa kashika kete zake, zamu yake, hakucheza mpaka nilipomaliza. Risha nimechonga 2 za pembe. Kiongozi sijamwambia kitu.