Nikifika Ujerumani, fomu ya makazi nijaze dini gani?

Mgeni_Moshi: Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni muuguzi, miaka 29. Cheti cha Kijerumani, kiwango cha B2, nimepata, mkataba nimesaini, naondoka mwezi ujao. Nasikia ukijiandikisha makazi unaulizwa dini, na ukijaza Mlutheri unakatwa hela, kodi ya kanisa. Nikiacha wazi kuna shida? Usingizi sipati.

Bavaria_255: Wanakata kweli. Mimi nilijaza Mkatoliki kwa mbwembwe. Slipu ya mshahara kuja, naona vijiherufi viwili, "rk", na euro zimeshakwenda. Ila si 9% ya mshahara kama watu wanavyotishana, ni ya kodi yako ya mapato. Huku jimbo la Bavaria ni 8%. Waislamu hawakatwi. Kujitoa ni kwenda kwa msajili kusaini. Mimi nimebaki. Mama alipofariki nikiwa huku, paroko alikaa nami jikoni mpaka saa nane usiku.

Mama Pacha: Yaani sadaka mnaikimbia hata uwanja wa ndege wa KIA hamjafika!

Mtu_Mzima: Kodi haimkoseshi mtu usingizi. Mleta uzi, unaficha nini?

Mgeni_Moshi: Haya. Baba ni mchungaji. Mimi siamini tena, mwaka wa tatu huu. Ndiyo sababu hasa ya kuondoka, mshahara unafuata. Sasa ada ya lugha na nauli wamenichangia washarika. Baada ya ibada ulinadiwa mkungu wa ndizi, kila anayenunua anaurudisha unadiwa tena, mara nne. Jumapili hii naitwa mbele kuombewa. Lakini sijamdanganya mtu, hakuna aliyeniuliza kama naamini.

Kaa_la_Moto: Nenda Leipzig, mashariki kule wengi hawana dini. Ila ndizi za watu rudisha 😂

Mtu_Mzima: Mimi niliifuata dini, wewe unaikimbia. 2009 ustadhi wetu Tanga alisema Ulaya tutapotea, bora Uarabuni. Nikaenda Muscat. Adhana kila kona, raha, ila msimamizi ananihesabia dakika za swala, naswalia stoo katikati ya maboksi. Huku Tanga nilikuwa safu ya mbele.

Mama Pacha: Pole baba. Mwambie mzazi wako ukweli, mwanangu.

Mgeni_Moshi: Nitamwambia nikishafika.

Kipanga: Jamani, hii chai. Novemba huyu huyu aliuliza bei ya bodaboda za mtumba, akasema yuko Geita na ana watoto wawili.

Mgeni_Moshi: Akaunti tunatumia na kaka.

Kipanga: Na kaka naye haamini? Sukari iongezwe.

Kaa_la_Moto: Nilishaanza kumhurumia mchungaji wa watu 😂

Mama Pacha: Chai ama si chai, mkungu uliishia bei gani?

Mgeni_Moshi: Elfu themanini na tano. Wa mwisho kununua alikuwa baba. Hakuurudisha, alisema upelekwe nyumbani wapikiwe wageni wa kuniaga.