Mwalimu wa Bad Education: awapenda wanafunzi ama ajipenda yeye tu?

Shazu_Kongowea:
Wadau salam alekum. Juzi nimejaziwa Bad Education kwa flashi, zile sizoni tatu za mwanzo, na tangu hapo kila usiku mimi na ndugu yangu twaiangalia na twagombana. Kwa asiyeijua, ni komedi ya BBC Three ilianza 2012, Jack Whitehall ndiye Alfie Wickers, kijana wa kitajiri apewa kufundisha historia pale Abbey Grove na historia yenyewe haijui, darasa lake ni Form K. Ndugu yangu asema huyu si mwalimu ni mtoto mkubwa, shida yake ni kupendwa na darasa na kumpata Miss Gulliver wa bayolojia, basi. Mimi naona wale watoto awapenda kikweli. Nyinyi mwaonaje?

Mwl_Historia:
Mie nafundisha historia huku Kisauni na nakwambia nduguyo hajakosea sana. Kumuachia mtoto acheze kipindi kizima si kumpenda, mtihani ukija nani atamwandikia? Lakini kuna kitu chaniuma nikiiangalia. Alfie kila mtoto amjua kwa jina na kwa vituko vyake, Rem Dogg yuko kwa kiti cha magurudumu na hapo darasani ataniwa na yeye atania sawa na wenzake, hakuna wa kumuonea huruma huruma. Huku kwetu darasa limejaa mpaka mlangoni, kuna mtoto akaa nyuma kabisa muhula unaisha hujamuita jina hata mara moja, na silabasi umemaliza vizuri tu. Sasa nani amefundisha hapo? Na Alfie si peke yake, mwalimu mkuu Fraser ndiye mbovu zaidi, mtu mzima ajifanya kijana mbele ya wanafunzi, shule iko hivyo kuanzia ofisini.

babu_wa_OldTown:
Enzi zetu ilikuwa Mind Your Language, ile komedi ya Kiingereza ya darasa la wageni wajifunzao Kiingereza. Mwalimu wao Mr Brown kazi yake aijua barabara, wanafunzi ndio wanaoharibu na yeye awavumilia. Huyu Alfie ni kinyume chake, watoto ndio wamvumilia mwalimu. Na ina matusi mengi, usiiweke mbele ya wazee.

Mwanamvita_K:
Shazu jibu lako liko sizoni ya nne, hujafika tu. Baada ya filamu ya 2015 watu walidhani imekwisha, kumbe 2023 ikarudi, na walimu safari hii ni Stephen na Mitchell, wale wale wa Form K! Watoto waliosomeshwa na mwalimu asiyejua kufundisha wamerudi Abbey Grove kushika darasa. Mtu harudi mahali alipodharauliwa, alikuwa na mtu pale aliyemuona. Nami nakubaliana na mwalimu hapo juu kuhusu mtihani, lakini hili pia lihesabiwe.

Mwl_Historia:
Hilo nalikubali. Ila wangesomeshwa na historia pia, wallahi wale watoto walikuwa na akili, Jing yule angefika mbali hata bila Alfie.

Shazu_Kongowea:
Maskini, kumbe flashi yangu imeishia ya tatu. Mwanamvita, ya nne waijaza duka gani hapa mjini? Ndugu yangu nataka aione usiku huu huu.

Mwanamvita_K:
Njoo inbox nikuelekeze, ni karibu na Mwembe Tayari. Beba flashi kubwa.