Subtilisini na peroksaidi: kuna haja gani ya asidi amino (vijenzi vya protini) zisizo za kawaida?

Mwanabayokemia: Habari zenu wanajukwaa. Subtilisini, kimeng'enya cha bakteria wa Bacillus, hutiwa katika sabuni ya unga ili kiondoe madoa ya damu na maziwa. Kwa kuwa sabuni nyingi za namna hiyo huwa pia na kemikali inayotoa haidrojeni peroksaidi, asidi amino methionini ya nafasi ya 222 katika mnyororo wake, jirani wa serini 221 inayokata protini, huoksidishwa kwenye salfa yake na kimeng'enya hudhoofika. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani walijaribu mahali hapo asidi amino zote 19 zilizobaki. Kama suluhisho lilipatikana, mbona watu bado wanahangaika na asidi amino za maabara?

Mpishi wa Protini: Lilipatikana kwa gharama. Alanini na serini zilistahimili peroksaidi, ila alanini iliacha takriban nusu ya nguvu, na serini chini ya hapo. Sisteini ililipita hata umbo la asili kwa utendaji, lakini nayo ina salfa, hivyo ikaoksidishwa vilevile. Kinachotakiwa ni methionini isiyo na salfa, na katika zile asidi amino 20 za kawaida haimo. Norleusini ndiyo hiyo: urefu uleule, kaboni ikikaa palipokuwa na salfa. Bakteria asiyeweza kujitengenezea methionini, akinyimwa methionini na kupewa norleusini, huiingiza kwenye protini zake bila kinyongo.

Mzee wa Kodoni: Ndugu, njia hiyo haichagui nafasi. Mwaka 2003 makundi ya watafiti Frances Arnold na David Tirrell yalibadilisha kwa norleusini methionini zote 13 za sehemu ya hemu (kiini chenye chuma) ya kimeng'enya kingine, sitokromu P450 BM-3; utendaji wake kwa peroksaidi ukapanda karibu mara mbili, lakini ustahimilivu wa joto ukashuka. Anayetaka kugusa 222 peke yake hutumia kodoni ya kukomesha, UAG (herufi tatu za kijeni zinazoamuru ujenzi wa protini usimame), pamoja na tRNA (molekuli inayoleta asidi amino) na kimeng'enya cha kuipakia kutoka kwa kiumbe mwingine, mbinu ambayo kundi la mtafiti Peter Schultz lilionyesha mwaka 2001. Hapo mavuno hupungua, maana baadhi ya protini hukatizwa palepale kwenye kodoni hiyo.

Mwanabayokemia: Nashukuru. Kiwandani je?

Mpishi wa Protini: Kwa sabuni, sishauri. Norleusini ingebidi inunuliwe na kumiminwa kwenye tangi la kukuzia bakteria kila mzunguko, ilhali jeni yenye maagizo ya alanini huandikwa mara moja tu, na hasara ya nguvu hufidiwa kwa kuongeza kimeng'enya kidogo.