Kontena la zabibu limeshikiliwa forodha Ulaya: hivi hata tunda lina mwenyewe? Naomba ushauri

Mchuma_Zabibu:
Wakuu, salaam. Siku ya pili sijalala. Kontena langu la zabibu za mezani limefika Ulaya, forodha wamelishikilia. Barua inadai aina ile ina mwenyewe, eti kuna haki ya mgunduzi wa aina mpya ya mmea. Sasa mimi sikuuza miche, nimeuza matunda! Cheti cha afya ya mimea ninacho. Wakala kanitumia picha: boksi limefunguliwa, mashada matatu hayapo, na vikonyo vimeanza kugeuka kahawia. Nifanyeje?

Majani_Mabichi:
Pambana mkuu! Mwaka 1999 kule Marekani mtu alipewa hataza (patenti) ya maharage ya njano, akayaita Enola, wakati mbegu alizitoa Mexico ambako watu wameyala tangu enzi za mababu. Akaanza kuwadai mrabaha waliokuwa wanayaagiza. Kituo cha utafiti cha CIAT kilipinga, na hataza ilikuja kuangukia mahakama ya rufaa mwaka 2009. Miaka kumi! Nani atawafidia wakulima wa Mexico?

Karani_wa_Mizigo:
Enola ilikuwa hataza, hii ya kwako ni haki ya mgunduzi wa aina ya mmea, habari nyingine. Cheti ulichonacho kinahusu wadudu na magonjwa, hakisemi mwenye aina ni nani. Kwa mkataba wa UPOV wa 1991, ule wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, mtu akizalisha kwa vipando (mbegu, miche au pingili) visivyo na ruhusa, na mwenye haki hakupata nafasi ya kumbana kwenye vipando, haki inamfuata hadi kwenye mavuno. Ndiyo maana wamekungoja bandarini. Nijibu moja tu: pingili ulizitoa wapi?

Mchuma_Zabibu:
Nilipewa na mtu. Hilo tuliache mkuu, nisaidieni kutoa mzigo.

Mama_Stroberi:
Mwanangu, hilo haliachiki. Mimi nilipanda stroberi za leseni misimu sita, nikilipia kila mche. Jirani akawa anavuta vile vitawi vinavyotambaa pembeni ya tuta langu, anavichomeka kwake. Mwaka uliofuata alimuuzia mnunuzi wangu kwa bei ambayo mimi nisingeiweza, kwa sababu yeye hakuwa na mrabaha wa kulipa. Nilifunga shamba. Kwa hiyo ninapouliza pingili zimetoka wapi, nauliza kwa uchungu.

Mchuma_Zabibu:
Shikamoo mama. Pole sana. Basi niseme. Binamu yangu anafanya kazi kwenye shamba lenye leseni. Wakati wa kupogoa, misimu minne iliyopita, aliniletea pingili arobaini amezifunga kwenye gazeti lililoloweshwa. Zilikuwa zinaenda kuchomwa moto, kwa hiyo sioni nimemwibia nani. Na kontena la pili nimeshalipangia: litapita bandari nyingine, na lebo nimeshachapisha zenye jina la aina ya zamani isiyo na mwenyewe. Fedha ya lebo imeshatoka, wakuu.

Mpogoaji:
Hii chai. Kontena la zabibu ni karibu tani ishirini. Kwa pingili arobaini, ndani ya misimu minne? Mzabibu wa pingili unataka karibu miaka mitatu ndipo uzae cha maana. Hesabu haiji. Kuna mtu anatunga hadithi ili tumfundishe kukwepa forodha.

Majani_Mabichi:
Hata mimi nimeanza kusita. Barua yenyewe hatujaiona.

Mchuma_Zabibu:
Chai? Sikuchomeka ardhini. Nilikuwa na mizabibu mizee yenye mizizi ya nguvu. Kila pingili nilitoa macho matatu, nikayabebesha kwenye mashina yale na kufunga kwa utepe wa nailoni. Msimu wa pili nikachukua macho kwenye mizabibu yangu mwenyewe, nikabebesha mashina zaidi ya elfu mbili. Mashina yakiwa na mizizi yake, msimu unaofuata unaona mashada.

Mpogoaji:
Nimekuelewa, na nakuomba radhi. Aliyebebesha kwa mikono yake ndiye anayeongea hivyo. Ila umejichongea. Zile arobaini ungeziita makombo ya kuchomwa moto, lakini hizo elfu mbili umezizalisha wewe.

Karani_wa_Mizigo:
Mzigo unaooza, kwa kanuni ya Ulaya ya 2013, una siku tatu za kazi tangu ujulishwe. Ukikaa kimya, forodha wanaweza kuhesabu umekubali uteketezwe. Mwambie wakala wako apeleke pingamizi la maandishi leo. Mwenye haki akifungua kesi, unaweza kuomba mzigo uachiliwe kwa dhamana. Halafu tafuta wakili wa kule aulize tarehe haki ilipotolewa. Kwenye kesi ya machenza ya Nadorcott, mwaka 2019, mahakama ya Ulaya ilimnusuru mkulima kwa miche iliyozalishwa na kuuziwa yeye kabla haki haijatolewa.

Mchuma_Zabibu:
Shamba la binamu lilikuwa na leseni tayari, kwa hiyo hiyo hainihusu. Lakini wakiniambia nilipe mrabaha wa nyuma, si nitakuwa nimekiri?

Karani_wa_Mizigo:
Majani yako yakipimwa vinasaba yatakiri kabla yako. Wakili awaandikie kuomba leseni na mapatano. Wengine hukubali, wengine hutaka mizabibu ing'olewe. Lebo mpya ndizo zitakazowafanya wakatae: kontena la kwanza unaweza kusema hukujua, la pili huwezi.

Mchuma_Zabibu:
Nimempigia wakala, anaandika pingamizi sasa hivi. Kontena la pili nimelisimamisha kwenye chumba cha baridi. Lebo nizichome?

Mama_Stroberi:
Usizibandike na usizichome. Mpe wakili, na umwambie binamu yako kabla hajaulizwa na bosi wake.