Faili la Hamza: gumzo la kundi la Nyumba ya Bombo

Hamza: Asalaam alaikum nyote. Dada Zainab, uko? Umeme ulikatika saa mbili nikiwa katikati ya gemu la Elden Ring. Umerudi, lakini nikiifungua inaniambia data imeharibika.

Zainab: Waalaikum salaam. Pole sana mdogo wangu. Usiifungue tena, hata mara moja. Si ulikuwa na nakala kwenye flashi?

Hamza: Nilikuwa nayo. Umeme uliporudi niliogopa, nikachomeka flashi nikakopi kila kitu. Ikaniuliza kama ibadilishe faili lililopo, nikabonyeza ndiyo. Kumbe bovu limekaa juu ya zima.

Zainab: Ya Rabi.

Mama Hamza: Ndiyo maana hukugusa chakula? Mimi nilidhani unaumwa.

Hamza: Samahani mama. Huyu mhusika nimemlea tangu nilipomaliza mtihani wa S4, kidato cha nne.

Mjomba Juma: Mama Hamza, mwache kwanza. Miezi miwili ya kazi ikipotea inauma, iwe ya shamba au ya kompyuta.

Zainab: Hamza, fungua AppData, kisha Roaming, kisha EldenRing, kisha ile folda yenye tarakimu nyingi. Unaona nini?

Hamza: ER0000.sl2 na ER0000.sl2.bak

Zainab: Alhamdulillah. Hiyo ya .bak gemu huiweka yenyewe, ni hali ya nyuma kidogo. Kwanza kopi folda nzima uiweke pembeni, pamoja na hilo bovu. Halafu faili bovu lipe jina jingine, na hili la pili liondolee .bak mwishoni. Steam, ile programu unayofungulia gemu, ikikuuliza utumie faili la wingu (nakala yake ya mtandaoni) au la kompyuta, chagua la kompyuta.

Hamza: Sawa. Ngoja.

Hamza: IMEFUNGUKA. Wahusika wangu wote wanne wapo!!

Shangazi Rehema: Mashallah! Haya, nenda ukale.

Hamza: Nakuja shangazi. Ila yule mhusika wangu, jinsi alivyokuwa zamani, sijampata. Jumanne nilimpeleka kwa Rennala, malkia wa humo kwenye gemu, azaliwe upya, nikatoa pointi za nguvu nikazitia kwenye akili awe mchawi. Sasa naona alikuwa bora na upanga wake mkubwa. Kumgeuza tena kunataka Larval Tear, kitu unachookota humo kwenye gemu, zenyewe zina idadi, na mimi zimeniishia.

Mama Hamza: Kwani si ni mtu yuleyule?

Hamza: Jina lile lile mama, bildi tofauti. Bildi ni jinsi ulivyogawa pointi, silaha uliyochagua, hata hirizi anazovaa. Ukibadilisha hayo umepata mtu mwingine.

Zainab: Hapo ndipo ninapotaka unisikilize. Ile .bak imekurudisha hatua moja tu, haiwezi kukupeleka Jumanne. Flashi yako pia ilikuwa na hatua moja, kwa sababu kila ukikopi unafuta ya jana. Na wingu la Steam usilitegemee kwa hili: lile ni kioo, linaonyesha kilichopo kwenye kompyuta, ukiharibu huku na kule kunaharibika. Unachohitaji ni matoleo. Kila nakala iwe na folda yake na tarehe yake, na iliyokwisha kuandikwa isiguswe. Anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ndipo zijipange zenyewe kwa mfuatano. Hivi: 2026-01-13_levo88_upanga_kabla-ya-Rennala. Funga gemu kabisa kabla ya kukopi. Na kumbuka wahusika wako wote, hadi kumi, wanakaa ndani ya faili hilo moja, kwa hiyo ukimrudisha mmoja umewarudisha wote.

Hamza: Si itajaza flashi?

Zainab: Faili lina karibu megabaiti 28. Flashi ya GB 16 inabeba zaidi ya mia tano. Bando usilimalize kupandisha zote mtandaoni, pandisha moja kwa wiki.

Shangazi Rehema: Anachosema Zainab ndicho tunachofanya kwenye kitabu cha chama. Mtu akikosea hesabu hatufuti kwa raba. Tunapiga mstari mmoja, ya zamani isomeke, tunaandika mpya chini na sababu yake. Mwaka juzi mwanachama mmoja alidai akiba yake imepungua, tukarudi kurasa sita nyuma tukaona ilikotoka tofauti.

Zainab: Shangazi umenipita kwa kueleza. Hamza, sababu ndiyo watu wanayoisahau. Ndani ya kila folda weka faili la maandishi, mistari miwili mitatu: pointi zilivyo, silaha, na kwa nini umebadilisha. Sisi tunaoandika programu tunatumia Git, programu ya kutunza matoleo aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, na nayo kila badiliko unaliandikia neno. Kwako folda zinatosha.

Mjomba Juma: Zainab, alama za wanafunzi wangu ziko kwenye faili moja tangu muhula wa kwanza. Kila Ijumaa nasevu palepale.

Zainab: Mjomba, leo. Usingoje Ijumaa.

Hamza: Nimeanza. 2026-01-17_levo91_mchawi_baada-ya-umeme. Nimeandika: "Nguvu 18, akili 60. Upanga siuwezi tena. Nikipata Larval Tear namrudisha, nakopi kwanza." Na lile bovu nimeliweka folda yake, nimeandika BOVU.

Mjomba Juma: Nami nimeshakopi ya kwanza, na tarehe yake.

Mama Hamza: Hamza, chakula nimekifunika jikoni.