Hoteli "ya kihistoria" Mji Mkongwe: historia mnayotuuzia ni ya uongo na jumba lenyewe mnaliozesha

Wadau salaam aleikum, mie nna hasira na leo naomba mnivumilie, mods tafadhali msiufute uzi, jina la hoteli sitalitaja lakini ni yale majumba makongwe ya Mji Mkongwe yaliyogeuzwa hoteli, mlango wa nakshi, baraza nje, kwenye tovuti yao kila mstari wa pili ni "historia" na "urithi".

Mzee wangu ni mwalimu mstaafu, kasomesha historia skuli za Pemba maisha yake yote. Jumba lile kila akija Unguja analipita kwa nje tu analiangalia. Safari hii kaja kutizamwa macho nikasema hapana, baba yangu lazima alale ndani na yeye, nikabuku.

Risepsheni ndo pakaanza. Wameandika wenyewe bei ya wakaazi, natoa kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi naambiwa ati hiyo bei ni msimu wa mvua tu, na hilo hawajaliandika popote. Nimelipa bei nzima, kwa dola, kwa sababu Mzee alikuwa keshakaa na begi lake pembeni na sikutaka asikie. Na yule kijana hata shikamoo hakumpa! Kamuuliza kwa Kiingereza anamsubiri nani. Mtu mzima, kanzu, kofia, ndani ya nchi yake, anaulizwa anamsubiri nani.

Haya, chumba. Chumba kimepewa jina la Bibi Salme na ukutani kuna karatasi kwenye fremu inasema binti Sultani alilala humu na akatoroka kutoka humu mwaka 1886. Mzee kaisoma mara mbili kisha kaniita. Bibi Salme kazaliwa Mtoni 1844 na kaondoka Unguja 1866, hiyo 1886 ni mwaka kitabu chake kilipotoka Ujerumani, yaani mtu kachukua mwaka wa kitabu kaufanya mwaka wa kutoroka na hakuna aliyehakikisha. Kwenye ngazi kuna picha ya Seyyid Barghash imeandikwa chini Seyyid Said! Hao ni masultani wawili tofauti, Said kafariki 1856, Barghash katawala 1870 mpaka 1888, mtoto wa skuli anawatofautisha.

Lakini lililoniuma hasa ni kule chini. Asubuhi kuna mfanyakazi anawatembeza wageni, kutufikisha kwenye ghala moja ndogo yenye giza, wametundika minyororo, minyororo mipya jamani imepakwa rangi ionekane na kutu, akaanza hapa walikuwa wakifungwa watumwa kabla ya kupelekwa sokoni, wageni wengine wanafuta machozi. Mzee akamuuliza kwa upole kabisa, mwanangu haya umeyapata wapi? Jibu: ndivyo tulivyoambiwa tuseme.

Sikilizeni, sisemi utumwa haukuwepo. Ulikuwepo, soko lilikuwa Mkunazini mpaka Barghash alipotia saini kulifunga 1873 kwa kubanwa na Waingereza, na pale pale likajengwa kanisa la Anglikana, na watumwa walifanyishwa kazi majumbani humu humu mjini na kwenye mashamba ya karafuu miaka mingi baada ya hapo. Ni watu wa kweli walioteseka. Sasa wewe unaweka minyororo ya dukani kwenye stoo yako ili uuze chumba? Huko ni kuwatukana marehemu, na kesho mtu akiujua uongo wako hata la kweli la Mkunazini hataliamini. Nikamfata meneja, kanijibu hivi hivi bila haya: wageni wanapenda hiyo stori. Basi, kwake imeisha.

Na jumba linaoza. Dari ya chumbani ina doa jeusi linatoka maji tone tone, juu yake wameweka bafu la chumba cha juu. Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake boriti za mikoko, ndo maana vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti haifiki mbali. Wao wamevunja ukuta wa kati wapate chumba kimoja kikubwa cha wageni, halafu wamepiga plasta ya saruji kote. Fundi yeyote wa mji atakwambia ukuta wa chokaa unavuta unyevu na kuutoa, ukiuziba na saruji maji yanabaki ndani, chumvi inachomoza, chokaa inamong'onyoka, boriti nazo zinaoza vichwa kule zilikoingia ukutani na wewe uliyelala chini huoni kitu. Kitandani kwetu asubuhi kulikuwa na unga mweupe. Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultani la 1883 hapa hapa mjini, imeporomoka mchana kweupe tarehe 25 Disemba 2020 na imeua watu wawili, na mafundi walikuwa ndani wanaikarabati! Hatujasoma? Mji huu umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tokea 2000, na jina hilo hoteli inalitumia kupandisha bei, lakini kumwita fundi wa chokaa ni gharama.

Chakula cha asubuhi sina la kusema, mkate baridi na juisi ya boksi katika nchi ya maembe. Eisi ilifanya kazi inapotaka.

Mzee hakulalamika hata neno, yeye kachukua kalamu kawaandikia tarehe sahihi nyuma ya karatasi ya bili kawaachia mezani. Mimi sina subira hiyo. Nataka wanirejeshee tofauti ya bei, waitoe ile minyororo na karatasi ya uongo, na dari ikaguliwe kabla haijamuangukia mtu. Barua nimeshaandika mbili, moja ya Kamisheni ya Utalii na nyengine ya Mamlaka ya Mji Mkongwe, picha za dari, za ghala na risiti ninazo zote. Aliyewahi kufatilia mambo haya aniambie nianzie kwa nani na inachukua muda gani kujibiwa, na kama wewe ulilala kwenye nyumba kama hizi ukaona dari inavuja weka picha yako hapa, nitaziambatanisha na zangu.